‘Amelala tu’: Kitanda kinavyommaliza mgonjwa uliyemwacha nyumbani

Ukiwa Tunduma unasubiri mzigo uvuke kuingia Nakonde, au Busia unahesabu magunia, saa mbili usiku ndiyo saa ya kupiga simu nyumbani. Watoto wazima? Duka limefungwa? Mama anaendeleaje? Jibu la swali hilo la mwisho hufanana kutoka Kigoma mpaka Kitale: “Amelala tu.” Anayejibu hasemi uongo. Mama hana homa, hajalalamika, amekunywa uji. Nawe unakata simu ukiwa na amani na kurudi kwenye hesabu zako.

Neno la kuangalia hapo ni hilo dogo, ‘tu’. Linafanya kulala kuonekane kama kusubiri, kana kwamba mgonjwa amewekwa mahali salama mpaka nafuu ije imchukue. Wewe mfanyabiashara unajua kwamba mzigo uliolala bandarini hautulii. Kila siku unahesabiwa tozo, na siku ya kwenda kuukomboa unaweza kukuta tozo imeupita mzigo wenyewe. Mwili wa mtu mzima unaolala mchana na usiku nao unahesabiwa hivyo, na tozo yake huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Ngozi huhesabu kwa saa, misuli kwa siku, viungo kwa wiki.

Madaktari nao walikiamini kitanda

Tusiwalaumu walio nyumbani. Kwa muda mrefu hospitali zenyewe ndizo zilizofundisha watu kulala. Mpaka miaka ya 1940 huko Ulaya na Marekani, aliyepata shambulio la moyo aliamriwa kukaa kitandani kwa wiki nyingi, na mama aliyejifungua salama alizuiwa kukanyaga sakafu kwa siku kadhaa. Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyotikisa mazoea hayo. Vitanda vilikuwa haba, majeruhi walilazimika kuamka mapema, na madaktari wakaona kwamba walioamshwa hawakudhurika kama ilivyohofiwa.

Mwaka 1944, katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza, daktari Ludwig Guttmann alianza kupokea askari walioumia uti wa mgongo, watu ambao wakati huo wengi wao walikufa kwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo. Aliagiza wageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana. Kisha akawapa kazi na michezo, na mashindano aliyoyaanzisha hapo mwaka 1948 ndiyo yaliyokuja kuzaa Michezo ya Paralimpiki. Mwaka 1947 daktari mwingine, Richard Asher wa London, aliandika katika jarida la British Medical Journal makala ya kuonya juu ya hatari za kwenda kitandani, akazieleza kiungo kwa kiungo.

Tangu hapo vipimo vimekuja kuthibitisha. Mwaka 1966, mjini Dallas, vijana 5 wenye afya wa umri wa miaka 20 walilazwa kitandani kwa wiki 3. Miaka 30 baadaye wanaume walewale wakapimwa tena, na ikaonekana kwamba uwezo wao wa kufanya kazi nzito ulikuwa umeshuka kidogo kwa miaka hiyo yote 30 kuliko ulivyoshuka kwa zile wiki 3 za kitandani. Utafiti mwingine, uliochapishwa 2007, ulichukua wazee wachache wazima wa afya na kuwalaza siku 10. Walipoteza karibu kilo 1 ya misuli ya miguu. Hao hawakuwa na kiharusi, hawakuvunjika mfupa, na chakula chao kilikuwa cha kupimwa. Sasa fikiria mama wa miaka 75 anayekula vijiko vinne vya uji.

Tozo inavyohesabiwa

Misuli ya mapaja na ya makalio ndiyo inayotangulia kwisha, nayo ndiyo inayomnyanyua mtu kutoka kwenye kiti au chooni. Mzee anaweza kuwa na mikono ya kushika kikombe na sauti ya kukugombeza, lakini hawezi tena kujiinua. Moyo na mishipa navyo husahau kazi ya kusukuma damu kwenda juu. Ukimsimamisha ghafla mtu aliyelala wiki nzima ataona giza na kuanguka, na familia itahitimisha kwamba bado hana nguvu, arudi akapumzike. Kumbe kizunguzungu hicho mara nyingi kimeletwa na kulala kwenyewe, na kitaisha kwa kukaa: kwanza ukingoni mwa kitanda miguu ikining’inia, dakika chache, kesho zaidi, kisha kitini.

Shavu la mguu lina kazi ya pampu. Kila unapopiga hatua misuli yake huminya mishipa na kurudisha damu juu. Pampu ikisimama damu hutuama, na damu iliyotuama huganda. Bonge likimeguka hupanda mpaka kwenye mapafu, na mtu aliyekuwa “anaendelea vizuri” hukata pumzi ghafla. Mitaani tunasema amekufa kifo cha ghafla, au tunamtafuta jirani wa kumsingizia.

Mapafu yenyewe, mtu akilala chali, hayafunguki vizuri chini, na makohozi hukosa wa kuyasukuma. Hapo ndipo nimonia huingia. Tena sisi huisaidia kwa namna tunavyolisha. Kumnywesha uji mtu aliyelala chali, hasa mwenye kiharusi ambaye koo lake limelegea, ni kuupeleka uji kwenye njia ya hewa. Akaliswe wima kabla ya kijiko cha kwanza, na abaki amekaa kwa nusu saa baada ya kijiko cha mwisho. Akikohoa kila anapokunywa maji, hiyo ni habari ya kumpelekea daktari.

Mkojo haumaliziki vizuri mtu akiwa amelala, na unaobaki kibofuni huzaa maambukizi. Choo hufunga. Mifupa isiyobebeshwa uzito hupoteza madini yake na kuwa myepesi kuvunjika. Viungo visivyokunjuliwa hujikunja vyenyewe: goti linakataa kunyooka, kiganja cha upande uliopooza kinafumba, kisigino kinapanda na vidole vya mguu kuelekea chini, na siku nguvu zikirudi hakuna nyayo ya kukanyagia. Na kichwa nacho. Mtu anayetazama dari moja siku nzima, mchana na usiku vikiwa sawa, huanza kuchanganya siku, kisha majina, kisha anakuwa mkimya. Tunasema ni uzee.

Ngozi nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo yenye haraka kuliko vyote, na ndiyo ambayo mtu asiye daktari anaweza kuiokoa. Uzito wa mwili ukikandamiza ngozi kati ya mfupa na godoro, damu haipiti. Saa chache zinatosha kuua nyama. Mara nyingi kidonda huanzia ndani, karibu na mfupa, na kinapofunguka kwa nje kama tundu dogo, chini yake huwa tayari kuna pango. Sehemu za kukagua kila siku ni zile ambazo mfupa uko karibu na ngozi: mwisho wa mgongo juu ya makalio, nyonga, visigino, vifundo, viwiko, mabega na kisogo.

Vitabu vingi husema tafuta wekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani kirahisi. Pitisha mgongo wa kiganja chako: palipo pa moto kuliko jirani yake, palipo pagumu, palipobonyea kama embe lililoiva kupita kiasi, palipogeuka zambarau au kuwa peusi zaidi, au pale ambapo mgonjwa anashtuka ukimgusa, pameanza. Asilalie tena hapo mpaka parudi kawaida.

Na kuna tiba za nyumbani za kuachwa. Kumkalisha mgonjwa juu ya tyubu ya gari au pete ya mpira kunakata damu pembeni ya pale unapopakinga. Kusugua kwa nguvu pale palipoanza kubadilika kunazidi kuichana nyama iliyochoka. Spiriti inakausha ngozi. Na unga wa kapsuli unaonyunyizwa juu ya kidonda unaficha usaha, hauuponyi. Kinachosaidia kina jina la kuchosha: kumgeuza. Saa 2 ni desturi nzuri ya kuanzia, ubavu huu, chali, ubavu ule, mto mgongoni ili alale kwa mshazari kidogo, mto mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee bila kugusa godoro. Tandika kanga au shuka iliyokunjwa mara mbili chini ya kiuno, watu wawili waishike pande zote na kumnyanyua. Akiburutwa, ngozi inabaki kwenye shuka.

Kwa nini walilala?

Ukiuliza, utaambiwa kiharusi, au mfupa wa nyonga, au magoti, au “miguu imekataa”. Sababu mbili za kwanza zinajulikana. Hiyo ya mwisho ndiyo inayostahili maswali, kwa sababu ndani yake wamo watu ambao wangeweza kutembea.

Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti waliwahi kupita nyumba kwa nyumba kutafuta wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa unaoleta mtetemo, ukakamavu na mwendo wa kuburuta miguu. Matokeo yalichapishwa 2008. Wengi wa waliokutwa nao hawakuwa wamewahi kuambiwa wana nini. Ipo dawa ya vidonge, ya zamani, ambayo haiponyi Parkinson lakini humrudishia mgonjwa mwendo kwa miaka. Mzee wa namna hiyo akiachwa alale kwa kuwa “ni uzee”, kitanda kinamalizia kazi ambayo ugonjwa ulikuwa haujaifika.

Wamo pia wenye mtoto wa jicho, ambao wameacha kutembea kwa sababu hawaoni ngazi. Wamo wanaokunywa dawa za presha nyingi mno kwa umri wao na wanapepesuka wakisimama. Wamo wenye kucha zilizoota ndani ya nyama, wenye ndara zilizokatika, wenye kidonda cha kisukari chini ya unyayo. Wamo walioanguka mara moja na sasa wanaogopa, na hofu hiyo ni kifungo kamili hata kama mfupa haukuguswa. Na wamo wenye huzuni nzito, hasa waliofiwa na mwenza. Hakuna hata mmoja katika hao ambaye dawa yake ni godoro.

Mfupa wa nyonga unahitaji neno lake. Mzee akiteleza bafuni na mguu ukawa mfupi na umegeukia nje, familia nyingi zina njia mbili: mganga wa kuunga mifupa, au kulala na uzito umening’inizwa mguuni kwa wiki nyingi. Katika nchi nyingi miongozo ya sasa inataka upasuaji ufanyike ndani ya siku 1 au 2, na sababu kubwa ni hii tunayoizungumzia: ili aamke. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari siku ile ile ni kama anafaa kupasuliwa, lini, wapi, na atakalishwa lini baada ya hapo. Mchango wa ukoo unaochukua mwezi mzima kukamilika mara nyingi hufika wakati mapafu na ngozi vimeshaharibika.

Kwa kiharusi kuna tahadhari ya upande wa pili. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2015, uliohusisha wagonjwa 2,104 katika hospitali 56 za nchi 5, ulionyesha kwamba kumwamsha mgonjwa mara nyingi na kwa muda mrefu ndani ya saa 24 za mwanzo kunaweza kupunguza uwezekano wa kupona vizuri. Kitanda basi kina dozi yake kama dawa nyingine. Siku ya kwanza ni ya madaktari. Baada ya hapo, mazoezi mafupi ya mara kwa mara, kwa maelekezo ya mtaalamu wa fiziotherapia. Na yule mwenye mkono uliopooza asivutwe kwa mkono huo, wala asinyanyuliwe kwa kushikwa makwapani. Bega lisilo na misuli ya kulishika huchomoka.

Heshima inayofunga miguu

Sababu moja haiandikwi kwenye cheti chochote cha hospitali. Mama anataka kufagia uwanja, mkwe anampokonya ufagio: majirani watasemaje? Baba anataka kwenda shamba kuangalia migomba, kijana wa mjini anamtumia pesa ili akae. Mwanao anapopata mtaji, ishara ya kwanza ya mafanikio yake ni wewe kutofanya kazi. Tunanunua kiti cha plastiki, tunakiweka barazani, tunamkalisha mzazi hapo kama mgeni rasmi, na kila anapojaribu kuinuka mtu anakimbia kumletea anachotaka. Miaka mitatu ya heshima ya namna hiyo inatosha kumfanya asiweze kuinuka hata akitaka.

Simaanishi arudishwe kwenye jembe. Kuchambua maharage akiwa ameketi mkekani na kuinuka mwenyewe, kwenda msikitini au kanisani kwa miguu yake, kumwagilia mchicha, kumsindikiza mjukuu mpaka njia panda: hayo ni mazoezi tiba ambayo hakuna anayeyatoza. Anayeyazuia kwa upendo anazuia vilevile.

Nyumba nayo huchangia. Choo kiko nje, njia ina mawe, usiku hakuna taa, na cha shimo kinataka mtu achuchumae. Mzee anaanza kupunguza maji ya kunywa ili asiende mara nyingi, anapungukiwa maji mwilini, anachoka zaidi, anakwenda kwa shida zaidi. Fundi wa kawaida anaweza kuweka mlingoti wa kushikilia ukutani na kiti cha mbao chenye tundu juu ya shimo kwa kazi ya siku moja. Katika fedha zote unazotuma, hiyo huenda ndiyo itakayomweka mzazi wako kwa miguu yake muda mrefu kuliko nyingine.

Nani atamgeuza?

Hapa ndipo jambo hili linapogusa biashara yako moja kwa moja. Kumgeuza mtu kila baada ya saa 2, kumsafisha, kumlisha akiwa amekaa, kumkunjua viungo, ni kazi ya watu wawili, tena ya usiku pia. Katika nyumba nyingi kazi hiyo haigawiwi. Inamwangukia mmoja: binti aliyeachika na kurudi nyumbani, mkwe mdogo, au mjukuu wa kike anayeanza kukosa shule Jumatatu na Ijumaa mpaka anaacha kabisa. Yeye ndiye anayekujibu “amelala tu”, na wakati mwingine hilo ndilo neno pekee alilobakiwa na nguvu ya kusema. Mgongo wake unauma. Hajalala usiku mzima tangu mwezi uliopita.

Mfanyabiashara anayesafiri mara nyingi hutuma fedha ya dawa na kuona ametimiza. Dawa ni sehemu ndogo. Kidonda cha kulalia kikishafika mfupani, matibabu yake ni miezi ya kufungua na kufunga bandeji, na ndipo watu wanauza kibanda, wanaacha zamu yao ya mpakani, mtaji unaliwa. Piga hesabu mapema ya kumlipa mtu wa pili, hata wa nusu siku. Linganisha na hasara ya wewe kukaa nje ya njia kwa msimu mzima. Ndugu watano wanaochanga kwa ajili ya mazishi bila kuombwa mara mbili wanaweza kuchangia mshahara huo sasa, mama akiwa hai, ingawa nakiri kwamba kikao cha namna hiyo ni kigumu kuitisha kuliko cha msiba.

Simu nayo ibadilike. Badala ya kuuliza anaendeleaje, uliza: Leo amekaa kitini mara ngapi? Alikula akiwa amekaa au amelala? Mara ya mwisho kupata choo ilikuwa lini? Visigino vikoje? Amegeuzwa saa ngapi, na nani? Daftari la shule lililofungwa kwa kamba kwenye mguu wa kitanda, lenye saa na ubavu aliolalia, litajibu yote. Kwa video unaweza kuonyeshwa kisigino au kiwiko. Mwisho wa mgongo uachiwe binti au dada akague na akueleze kwa mdomo. Mwili wa mama haupelekwi kwenye kundi la ukoo.

Na chakula kiwe cha kujenga misuli. Uji mtupu hauwezi. Yai, dagaa waliosagwa, maharage, maziwa, karanga zilizopondwa ndani ya huo huo uji. Wewe unayepita Kirumba au Kisumu kila wiki huna haja ya kuelezwa dagaa wanapatikana wapi.

Baiskeli za Busia na Goma

Mtu akidhani kwamba kutotembea ni kulala, aende mpakani. Kwa miaka mingi pale Busia watu wenye ulemavu wa miguu wamekuwa wakivusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Kati ya Goma na Gisenyi baiskeli hizo ni kubwa kama mikokoteni, zinasukumwa na vijana, na aliyeketi juu ndiye mwenye biashara. Kwenye vivuko vya mto kati ya Kinshasa na Brazzaville hali imekuwa hiyo hiyo. Hao miguu yao haifanyi kazi, lakini mikono inasukuma, mgongo uko wima, mapafu yanapumua, wanabishana bei, wanafahamiana na kila ofisa. Wana shida zao nyingi, ila si za kitandani.

Ndiyo maana kiti cha magurudumu kisinunuliwe kama zawadi ya kupiga picha. Kiti kikubwa kuliko mtu kinampinda mgongo, kisicho na mto mzuri kinamletea kidonda kilekile tulichokuwa tunakikimbia, na magurudumu madogo ya hospitalini hayafiki hata langoni kwenye mchanga. Apimwe kwanza upana wa nyonga, urefu wa paja na wa mguu. Mafundi wapo katika ukanda wetu. Chuo cha TATCOT, ndani ya eneo la hospitali ya KCMC mjini Moshi, kimekuwa kikifundisha wataalamu wa viungo bandia na vifaa saidizi tangu 1981, na wanafunzi wake wanatoka nchi nyingi za Afrika. Kenya ina chama cha APDK kilichoanza 1958, ambacho karakana zake hutengeneza viti hivyo. Rwanda ina kituo cha Gatagara kilichofunguliwa 1960.

Kwa wanaovusha vifaa hivi, jambo moja la forodha. Jedwali la Tano la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 linasamehe ushuru kwa vifaa vilivyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Uliza kabla hujalipa, ukiwa na barua ya daktari au ya taasisi inayokipokea kifaa. Usichanganye msamaha huo na cheti rahisi cha uasili cha mizigo isiyozidi dola 2,000, maana hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama. Kiti kilichotoka China na kununuliwa Kampala au Kariakoo hakiwi cha Afrika Mashariki kwa kuwa kimelala dukani kwetu.

Mgonjwa kwenye basi

Msimu wa likizo mabasi ya Nairobi, Kampala, Bujumbura na Lubumbashi hubeba wagonjwa wengi kuliko watu wanavyojua. Mzee anatolewa kijijini kupelekwa hospitali kubwa, au anarudishwa nyumbani baada ya upasuaji. Anawekwa kiti cha dirishani, anaambiwa atulie, ananyimwa maji ili asisumbue njiani, na anashuka baada ya saa 14 miguu imevimba.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wake: kukaa safarini saa 4 au zaidi bila kusogea, iwe kwa ndege, treni, basi au gari dogo, huongeza takriban mara 2 uwezekano wa damu kuganda mishipani. Kwa abiria mwenye afya uwezekano huo bado ni mdogo, kama mtu 1 kati ya 6,000. Kwa mzee aliyetoka kulala wiki mbili, aliyepasuliwa karibuni, mwenye saratani, au mama aliyejifungua juzi, hesabu ni nyingine. Muulize daktari kabla ya kukata tiketi kama anahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda. Mwombee kiti cha kando ya njia. Anywe maji, hata kama mtamsumbua kondakta. Kila saa avute vidole vya miguu juu na kuvisukuma chini mara 20 au 30, na gari likisimama kwa chakula ashuke, ashikwe, atembee hata hatua kumi. Kwenye foleni ya uhamiaji omba akae kivulini na wewe upange mstari na hati zake, lakini asibaki ndani ya basi.

Wewe uliyeketi pembeni yake, unayefanya njia hiyo mara mbili kwa wiki, shuka naye. Dereva wa lori uliyelala siku ya tatu kwenye foleni ya mizani au ya forodha, zunguka lori lako. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, ukauma kwenye shavu na kuwa wa moto, usiuchue. Na mtu akianza ghafla kukosa pumzi, kifua kikimchoma anapovuta hewa, au akikohoa damu, msisubiri kufika mnakokwenda. Apelekwe hospitali iliyo karibu, hata kama iko upande wa pili wa mpaka.